Makaburi Mengi, Mawe Machache: Historia Iliyozikwa Pwani ya Rumonge

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge, kabla hujaenda mbali utafika Mugere. Hapo lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni hao wawili walipokelewa na chifu Mukamba, wakalala siku mbili, wakashika njia yao. Hakuna kati yao aliyezikwa Mugere, lakini ndilo jiwe la kumbukumbu linalojulikana kuliko mengine yote katika pwani ya Burundi.

Kutoka hapo kwenda kusini, katikati ya michikichi na mialo ya wavuvi, makaburi ni mengi na mawe ni adimu. Mtu anayepima thamani ya makaburi kwa marumaru na maandishi atapita Rumonge asione kitu. Ajabu ni kwamba wafu wa mwambao huu ndio wanaoeleza vizuri zaidi nani aliishi hapa, nani alikuja na nani alifukuzwa.

Tuanze na wale ambao majina yao yameingia vitabuni. Julai 1879 Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, walifungua misheni Rumonge, ya kwanza katika nchi ya Burundi. Walikomboa watoto waliouzwa utumwani na kuwalea. Mtoto mmoja alizua mzozo kati yao na watu wa chifu Bikari, na tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier waliuawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop, Mbelgiji aliyewahi kuwa askari wa Papa. Misheni ikafungwa. Ilipita miaka zaidi ya 15 kabla ya Wakatoliki kupata kituo cha kudumu Burundi, nacho kilijengwa bara, mbali na ziwa.

Hata ufukwe waliouona mapadri hao si huu wa leo. Maji ya Tanganyika yalifikia kilele chake mwaka 1878, kisha yakapata njia kwa mto Lukuga kuelekea Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Tangu takriban 2020 maji yamepanda tena na kuingia katika nyumba za Rumonge. Kaburi lililochimbwa karibu na maji hapa halina dhamana ya kubaki nchi kavu.

Zama zile za mapadri, Waswahili walikuwa wakifika kutoka Ujiji kwa mashua, wakifuata pembe za ndovu, chumvi, mawese na watumwa. Rumaliza, yaani Mohamed bin Khalfan al-Barwani, alitaka kuutawala mwambao huu, lakini mfalme wa Burundi, Mwami Mwezi Gisabo, alimzuia asipande milimani. Biashara ile ya watu ilikoma. Uislamu na Kiswahili vikabaki, vikawa vya wenyeji. Desturi ya Kiislamu ya kuzika haipendi kujenga juu ya kaburi: udongo huinuliwa kiasi cha shibiri, kichwani huwekwa jiwe au kipande cha ubao, basi. Baada ya masika kadhaa anayejua fulani kalala wapi ni aliyeshika jembe siku ile, au mwanawe aliyeoneshwa. Masijala ya makaburi hayo ni vichwa vya wazee.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliufagia mwambao. Utawala wa Wajerumani ulikusanya wagonjwa kambini na kuwahamisha watu kutoka vijiji vya ziwani. Vijiji vikaota pori, na makaburi yake yakakosa wa kuyafyekea majani.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Jeshi la Rais Micombero likajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakamaliza Wahutu wasiopungua laki moja; Warundi huyaita Ikiza. Maelfu walivuka kwenda Kigoma na kuishia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania. Wafu wengi wa pande zote walifukiwa bila sanda, bila sala na bila alama. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi imetambua makaburi ya halaiki zaidi ya 4,000 nchini. Waliorudi Rumonge miongo mitatu au zaidi baadaye walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Kwa mtu wa aina hiyo kaburi la babu ni zaidi ya kumbukumbu: ni hati ya kwanza ya shamba, na likilimwa juu, shahidi amekufa mara ya pili.

Je, Burundi inajua kutunza kaburi lisilo na jiwe? Inajua sana. Huko milimani, Nkiko-Mugamba walikozikwa wafalme na Mpotsa walikozikwa mama zao, kinachoonesha mahali ni miti mitakatifu, koo za walinzi na simulizi. Maeneo hayo yamo katika orodha ya awali ya urithi ambayo Burundi iliwasilisha UNESCO mwaka 2007. Heshima iliyopewa miti ya wafalme haijashuka ziwani kwa wavuvi, wachuuzi, wagonjwa wa malale na waliouawa.

Haihitaji fedha nyingi kuishusha. Yahitajika daftari, ramani, miti ya mipaka, na msikiti, parokia na tarafa kukaa meza moja. Majina ya Waislamu, ya Wakristo, ya Wahutu na ya Watutsi yaandikwe katika kitabu kimoja, kwa sababu orodha ya upande mmoja huzaa ugomvi mpya. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70. Kazi ianzie kwake, kabla ya kutafuta fundi wa kuchonga mawe.