Ushanga wa Ugogo Haununui Kitu Ujiji

Msafiri wa zamani aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji hakubeba noti. Alibeba vitambaa, ushanga na nyaya. Kimbembe kilikuwa kwenye ushanga. Stanley, alipokuwa akikusanya vifaa Zanzibar mwaka 1871, alielezwa kwamba mwekundu unapendwa Unyamwezi. Mweusi ni fedha Ugogo, lakini kwingine si kitu. Na ule mkubwa mfano wa yai ni mali Ujiji, ila njiani hakuna anayeutaka. Ukikosea kufungasha, unafika Tabora mizigo imejaa, na chakula hununui.

Ushanga huo umekuwa ukinijia akilini tangu nianze kutafuta kompyuta ya bei nafuu yenye kichakataji cha RISC-V. Kila kichakataji kina seti yake ya amri. Programu iliyoandaliwa kwa vichakataji vya Intel, ukiipeleka kwenye RISC-V ni ushanga wa Ugogo kule Ujiji. Nafuu yetu ni programu huria: inakuja na msimbo wake, hivyo unaweza kuifumua na kuitunga upya kwa uzi mwingine. Ndivyo walivyofanya watu wa Debian, hadi toleo la 13, la Agosti 2025, likaipokea RISC-V rasmi.

Sasa mtu ataniuliza, kwani hizi za kawaida zina kasoro gani? Jibu lipo kwenye kitambaa. Merikani ilisokotwa Marekani, ikashushwa Unguja, na huku bara ikawa karibu sawa na sarafu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kwao mwaka 1861, pamba ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi yake. Aliyepokea ujira wake kwa doti za merikani hakuulizwa neno. Leo vichakataji vya x86 vimeshikwa na Intel na AMD, na Arm hutoza leseni. Kanuni za RISC-V, zilizoanza chuoni Berkeley mwaka 2010, ziko wazi. Kiwanda chochote kinaweza kuzitumia bila kulipia leseni.

Tukija kwenye bei, Raspberry Pi Pico 2 ya mwaka 2024 inauzwa dola 5 na ina RISC-V ndani yake. Kujifunzia inafaa sana, ila Linux ya kawaida haiiwezi. Bodi zinazoimudu huanzia makumi ya dola, na hapo bado haijasafiri. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mpaka leo kitu cha ng'ambo kikifika bara kimeshakula nauli. Ukiagiza kimoja, gharama za njiani zinaweza kuizidi bodi yenyewe.

Dawa yake barabara hii inaijua: wenye mizigo michache walijiunga na misafara mikubwa. Shule mbili na mafundi watatu wakiagiza pamoja, nauli inagawanyika.

Tusisahau pia kwamba Wanyamwezi hawakuwa wabebaji tu. Walipeleka pembe zao wenyewe pwani, nao walijua kipi kinakubalika wapi. Kwa hiyo kijana akiniuliza aanze na ipi, namwambia: chukua hiyo ya dola 5, jifunze kutunga programu. Hizo kubwa tutaziagiza kwa msafara.