Vitabu Vyembamba, Hukumu Nzito: Wasomaji na Vitabu Vifupi vya Kiswahili, 1934 hadi 2002

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu chukueni vitabu vinne: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, diwani ya Kichomi na riwaya ya Nagona, hivi viwili vya mwisho vikiwa vya Euphrase Kezilahabi. Vipangeni kimoja juu ya kingine. Vyote kwa pamoja havifikii unene wa kamusi moja kubwa. Hata hivyo, yaliyosemwa na kuandikwa kuvihusu yanaweza kujaza rafu nzima ya maktaba.

Si ajabu. Kitabu kifupi humalizwa kwa jioni moja, na aliyekimaliza huwa tayari kutoa hukumu kesho yake asubuhi. Tena, ufupi huacha mapengo. Riwaya ndefu hujieleza na kujirudia hata msomaji akaelekezwa atake asitake, lakini kitabu kifupi humwachia kazi ya kujaza, naye hujaza kwa yale aliyonayo: siasa za wakati wake, dini yake, mafunzo ya mwalimu wake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maoni ya wasomaji kuhusu vitabu hivi yana historia yake, na kwamba tunamkosea mwanafunzi tunapompa maoni hayo kana kwamba yalizaliwa pamoja na kitabu.

Tuanze na Mbotela. Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakasafirishwa hadi pwani, wakapakiwa katika majahazi, kisha baadhi yao wakaokolewa na manowari za Waingereza na kupelekwa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875. Mbotela mwenyewe alikuwa mtoto wa jamii hiyo ya walioachwa huru. Ikumbukwe kwamba hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kitabu kilipotoka, basi, ilikuwa imepita miaka 27 tu. Pwani bado walikuwako wazee waliokumbuka minyororo, na walikuwako pia watoto wa waliowamiliki. Kwa wasomaji wa Frere Town, hii haikuwa hekaya ya kupitisha wakati, bali ilikuwa habari ya akina babu.

Baada ya uhuru kitabu hichohicho kilikutana na msomaji mwingine. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, wengi wao wakiongozwa na mtazamo wa kupinga ukoloni, waliona kurasa zilizojaa sifa kwa Waingereza na lawama kwa Waarabu, bila neno la maana kuhusu ardhi, kodi na kipande, mambo yaliyowaelemea Waafrika wa Kenya mwaka uleule wa 1934. Wakamwita mwandishi kasuku wa bwana wake. Aidha, palizuka swali la utanzu. Wapo waliokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, na wapo waliokataa katakata, wakidai kuwa hakina ploti iliyosukwa wala mhusika anayekua, na kwamba ni masimulizi ya kihistoria tu.

Kwa maoni yangu, wahakiki hao walikuwa na haki kuhusu msimamo wa mwandishi. Pale wanaposema Mbotela amewapamba Waingereza kupita kiasi, fungua kitabu nawe utaliona. Lakini nadhani walikosea walipoifanya kasoro ya msimamo kuwa sababu ya kukiweka kitabu kando. Watoto wa watumwa hawakuachiwa vitabu vingi vya kwao wenyewe kwa Kiswahili. Katika kitabu hiki chembamba mna hofu ya kijiji kinachovamiwa usiku, mna safari ya miguu, mna mama asiyejua mwanawe amepelekwa wapi. Mtahiniwa anaweza kufunzwa kutenganisha sauti ya msimulizi na ushahidi anaoubeba, na sijui kitabu kinachofaa zaidi kwa somo hilo. (Kuhusu kama ni riwaya au si riwaya, nakiri kwamba mjadala huo hunichosha. Mhakiki anayehesabu sifa za riwaya kwa vidole husahau kusoma.)

Shaaban Robert alipata bahati tofauti. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, inahusu nchi iliyoko angani na mtu aitwaye Karama anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Kwa mandhari yake ya hekaya, iliweza kupita katikati ya utawala wa kikoloni bila kizuizi. Leo ni vigumu kumpata mwalimu asiyeiona kuwa tashtiti dhidi ya utawala huohuo. Maneno ni yaleyale; aliyebadilika ni msomaji.

Tamthilia ilikabiliwa na swali jingine kabisa: je, ni kweli ilitokea hivyo? Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikikusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kazi ambayo Gilbert Gwassa na John Iliffe wanahusishwa nayo sana. Taifa changa lilikuwa likitafuta mashujaa, na hapa palikuwa na shujaa aliyewaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya Wajerumani. Wasomaji wengi wa mwanzo waliisoma tamthilia kama wimbo wa umoja. Wengine walimlaumu Hussein kwa kutofuata historia, ingawa yeye mwenyewe alitahadharisha kuwa mhusika wake ni zao la ubunifu. Hata jina linatofautiana kidogo: wanahistoria humwandika Kinjikitile, Hussein akamwandika Kinjeketile. Ni tofauti ya herufi mbili inayostahili kuelezwa darasani.

Sasa soma tena, polepole. Kinjeketile anatoka mtoni na maji na utabiri wa Hongo, kisha anatambua kwamba utabiri huo unawafanya watu wake kuwa wana wa Seyyid Said. Yaani wamtoe bwana mmoja ili wamwingize mwingine! Anaanza kushuka moyo na kutilia shaka, lakini watu wamekwisha kuamini, na imani yao ndiyo iliyowaunganisha. Mwishoni, gerezani, Kitunda anamsihi akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kwa nini? Hapa ndipo wasomaji wa baadaye walipotia kambi, kwa sababu swali la shaka linawagusa zaidi watu walioona ahadi za uhuru zikichujuka kuliko wale wa 1969 waliokuwa bado wanazisubiri. Je, kiongozi anaweza kulikana neno ambalo watu wamekwisha kulifia? Mtahiniwa anayeandika kwamba Kinjeketile ni shujaa mwunganishaji na kuishia hapo ametoa jibu la mwaka 1969. Si jibu baya, ila ameiacha nusu ya pili ya tamthilia bila kuigusa.

Katika ushairi hukumu zilikuwa kali zaidi. Na kabla ya ushairi wenyewe, kumbukeni maandishi mafupi kuliko yote ninayoyataja hapa: kijikaratasi Kenya: Twendapi? alichokiandika Abdilatif Abdalla mwaka 1968. Msomaji wake aliyetoa maoni kwa sauti kubwa alikuwa serikali, na maoni hayo yalikuwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani Abdilatif alitunga mashairi, akiyaandika kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Naam, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi.

Mwaka huohuo wa 1974 ndipo Kichomi ilipotoka. Kezilahabi aliacha vina na mizani katika tungo zake, na wanamapokeo wakawaka. Kipimo walichokishika kilikuwa tayari kimeandikwa: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Amri Abedi, kilichochapishwa mwaka 1954. Kwao, utungo usiokuwa na vina haukuwa shairi baya. Haukuwa shairi kabisa. Upande wa pili, wanamabadiliko, wakiwemo Mulokozi na Kahigi waliochapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, walijibu kwamba arudhi ni desturi ya wakati na mahali, na kwamba ushairi ni mpana kuliko desturi hiyo. Mgogoro uliendelea hata miaka ya 1980.

Ziwekeni diwani hizi mbili pamoja darasani, kwa maana kufanya hivyo huvunja madai ya pande zote. Aliyedai kuwa vina na mizani ni alama ya ukale ajibiwe na Sauti ya Dhiki, ambamo mfungwa wa kisiasa anatumia umbo la mababu kuisuta dola. Aliyedai kuwa bila vina hakuna ushairi ajibiwe na karatasi ya mtihani, ambamo mtahiniwa huulizwa kuhusu mashairi huru bila mtu yeyote kushtuka. Wala hakuna upande uliothibitika kuwa mjinga. Wanamapokeo walikuwa wakilinda sanaa ya kusikilizwa, inayoimbwa na kukaririwa, na hofu yao kwamba ushairi ungehamia vitabuni na kuwaacha wasikilizaji nyuma haikuwa hofu ya bure.

Kuhusu Nagona ya mwaka 1990 nitasema machache. Haifiki kurasa mia, na bado wapo walimu walioiweka chini katikati. Hakuna mji unaotambulika kwa urahisi wala mpangilio wa matukio uliozoeleka. Wengi walilalamika kuwa si riwaya, lalamiko lilelile lililompata Mbotela kwa sababu zilizo kinyume: yeye aliambiwa amekaribia mno ukweli, Kezilahabi akaambiwa amekimbia ukweli. Zilipofuata Walenisi ya Katama Mkangi mwaka 1995, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed mwaka 2001 na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila mwaka 2002, wasomaji walikuwa wamekwisha kupata pa kushikia, na Nagona yenyewe ikaanza kusomeka.

Nayasema haya yote kwa sababu ya jambo ninaloliona kila mwaka. Mtahiniwa anakuja na mwongozo mnene kuliko tamthilia yenyewe. Dhamira amezikariri, sifa za wahusika amezikariri, na tamthilia haijafunguka uti wa mgongo. Ukimwuliza nani alisema hivyo na lini, anakutazama tu. Akipewa dondoo asiloliona katika mwongozo, hana pa kuanzia, ilhali kitabu chenyewe kingemchukua jioni mbili.

Jaribu hivi, mwalimu. Somesha Kinjeketile nzima kwa sauti, wanafunzi wakigawana nafasi za wahusika, kabla hujataja mhakiki yeyote. Mkifika gerezani, funga kitabu kabla ya Kinjeketile kumjibu Kitunda. Waambie kila mmoja aandike katika daftari lake jibu ambalo yeye angelitoa, na sababu zake. Kisha fungueni kitabu.