Kwale Ilivyoulizwa Maswali ya Chumbani

Katika hojaji ya KDHS, ule utafiti wa taifa wa watu na afya, maswali ya mapenzi hutanguliwa na agizo ambalo mhojiwa hasomewi. Linamtaka anayehoji aangalie kama kuna mtu karibu, na afanye kila awezalo wabaki wawili. Aliyewahi kuingia uani kwa watu asubuhi, Msambweni au Kinango, anajua ugumu wa agizo hilo. Mama mkwe yuko pale na ungo wake, watoto wanaingia na kutoka, jirani amekuja kuazima mbuzi ya nazi. Humo humo mwanamke anaulizwa na mgeni mwenye hojaji: mara ya mwisho kukutana na mwanamume ilikuwa lini? Alikuwa nani wako? Kondomu ilitumika? Na miezi 12 iliyopita, wamekuwa wangapi?

Ilichukua muda kuyafikia maswali hayo. Utafiti wa uzazi wa 1977 na 1978 ulimtaka mwanamke ahesabu watoto: waliozaliwa, waliofariki, anaowataka bado. Jibu la taifa lilikuwa takriban watoto wanane kwa kila mwanamke, na serikali, iliyokuwa na mpango rasmi wa uzazi tangu 1967, iliogopa ongezeko la watu. Mambo ya chumbani yaliulizwa kwa kadiri yalivyohusu mimba, basi. KDHS ya kwanza, ya 1989, ilifuata njia hiyo hiyo na kuwahoji waume wachache tu. Wanaume, waliooa na wasiooa, waliingizwa katika awamu ya 1993.

Ukimwi ndio uliolazimisha maswali yabadilike. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa 1984, lakini Rais Daniel arap Moi alitangaza janga la taifa Novemba 1999, miaka 15 baadaye. Husemwa kwamba kimya hicho ni soni ya watu wa pwani na dini zao. Sikubali. Uingereza nayo, mwaka 1989, serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kugharimia utafiti wa tabia za ngono uliokusudiwa kupambana na ukimwi. Taasisi ya Wellcome Trust ikatoa fedha, na watu karibu 19,000 wakajibu. Huko London waliona haya wakubwa, si wananchi.

Mwaka 2003, KDHS iliongeza tone la damu la kidole juu ya maswali. Hadi hapo makadirio ya taifa ya wenye virusi vya ukimwi yalitegemea sana kliniki za wajawazito, yaani wanawake wenye mimba walikuwa wakipimwa kwa niaba ya nchi nzima. Matokeo yalikuwa asilimia 6.7 ya watu wazima, chini ya makadirio hayo: wanawake 8.7, wanaume 4.6, na Mkoa wa Pwani 5.8. Miaka minne baadaye utafiti wa viashiria vya ukimwi, KAIS, ulifichua jambo zito zaidi: zaidi ya wanne kati ya kila watano walioambukizwa hawakujua. Upimaji wa nyumba kwa nyumba ulipata nguvu baada ya hapo, na kufikia 2012 wasiojua walikuwa wamepungua hadi karibu nusu.

Kisha ikatoka hesabu ya 2009, iliyojengwa juu ya tafiti hizo, ikionyesha kwamba asilimia 44 ya maambukizi mapya yalitokea ndani ya ndoa na mahusiano ya kudumu. Kampeni dhidi ya mpango wa kando zilisimama juu ya ushahidi wa namna hii. Lakini Machi 2013, tangazo la televisheni lililoonyesha mke wa mtu akishauriwa na mwenzake atumie kondomu na mpenzi wa nje liliondolewa baada ya viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, kulalamika. Naelewa kilichowaudhi. Hata hivyo tangazo lile halikubuni uzinzi. Lilirudisha kwa watu kile ambacho watu wenyewe walikuwa wamejibu.

Ukanda wa Diani, huko Kwale, ulikuwa na sababu zake za kuulizwa. Desemba 2006, serikali na UNICEF walitoa ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto pwani, Diani ikiwemo. Wengi walitarajia lawama yote imwangukie mtalii. Watalii walikuwemo kweli, Waitaliano, Wajerumani na Waswisi, lakini kundi kubwa kuliko lolote lilikuwa Wakenya: asilimia 38. Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka huo huo, na inawahusu wote.

Kuna watu ambao uchunguzi wa nyumba kwa nyumba hauwapati: mwanamke anayeuza mwili Ukunda, wanaume wanaolala na wanaume, anayejidunga heroini. Kwao ikaletwa njia iliyotoka India, ya vibanda kama vya kupigia kura. Kikundi cha watu kumi hivi kinaketi, kila mmoja kibandani mwake, akiwa na kadi zenye nambari na masanduku matatu. Swali linasomwa kwa sauti. Kadi ikiingia sanduku la kijani ni ndiyo, jekundu ni hapana, jeupe halinihusu. Hakuna jina, hakuna uso, na msomaji wa swali hajui nani kadondosha nini. Idara ya ukimwi ya wizara ya afya, NASCOP, ilianza kuitumia 2014. Nakumbuka pia kilichotokea serikali ilipotaka utafiti mwingine wa makundi hayo uchukue alama za vidole. Waliokusudiwa kuhojiwa walikataa, na ripoti ya shirika la KELIN ya 2018 ilieleza kukataa huko. Walikuwa na haki. Anayejibu swali ambalo linaweza kumfikisha polisi lazima ajue jibu lake halina kidole chake.

Kaunti ya Kwale imefaidika na kazi hii, ikiwemo kliniki ya methadoni ya Kombani kwa walioamua kuacha heroini. Lakini chukua KDHS ya 2014, ya kwanza kutoa takwimu kwa kila kaunti. Kwale ilipata namba zake za uzazi na chanjo. Maswali ya wapenzi na kondomu yalikuwa katika hojaji ndefu, iliyofika nusu tu ya nyumba zilizochaguliwa, na matokeo yake yakabaki chini ya mstari mmoja ulioandikwa Pwani, kuanzia Lunga Lunga hadi Tana River. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani na mfugaji wa Kinango wakatolewa wastani mmoja, nao ukachanganywa na wa Mombasa. Lugha nayo iliunganishwa: hojaji ya 2003 ilitafsiriwa kwa Kimijikenda, kana kwamba Mdigo na Mduruma na Mgiriama huzungumza mambo haya kwa maneno mamoja.

Februari 2025, Marekani ilisitisha mpango wa DHS iliokuwa ikiugharimia tangu 1984, ambao KDHS zote zimeuegemea. Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013, na bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti pale Kwale. Humo ndimo liombwe fungu la utafiti wa Kwale yenyewe, uulizwe kwa Kidigo na Kiduruma, na matokeo yake yasomwe kwenye baraza za Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga, mbele ya wale walioulizwa.