Jinsi Fedha Ilivyoingia Kaskazini ya Sabaki



Kabla hamjasoma hesabu za mwaka huu, twaona yafaa tukumbushane fedha yenyewe ilivyotufikia. Zama za kale Wagiriama walikuwa na mali, nayo ni ng'ombe, mbuzi na ghala za nafaka. Pembe za ndovu na mtama vilipelekwa Malindi na Takaungu, wakarudi na nguo na shanga. Reale za fedha zilijulikana, walakini mtu aliweza kuoa, kulea wana na kuzikwa kwa heshima bila kushika hata moja.

Mambo yaligeuka ilipotangazwa kodi ya nyumba mwaka 1901. Sasa kila mwenye mji ilimpasa atafute rupia. Serikali ilitumaini kwamba haja hiyo ingewatoa vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi wa pwani. Lakini wazee wetu walikuwa na njia nyingine: walilima mahindi katika udongo mzuri wa upande huu wa mto, wakayauza kwa wenye maduka, kodi ikalipwa na vijana wakabaki kwao.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi. Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wasitoe vijana wao, akakamatwa mwaka 1913 na kuhamishiwa Kisii. Mwaka 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa moto, na watu wakaamriwa kuihama kaskazini ya Sabaki. Aliyenyang'anywa shamba hakuwa tena na nafaka ya kuuza; ilimbidi auze nguvu za mikono yake. Ruhusa ya kurudi ilipatikana baadaye.

Tangu hapo sarafu zimebadilika. Rupia iliondoka, shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia mwaka 1921, shilingi ya Kenya ikafuata mwaka 1966, na tangu mwaka 2007 twatumiana fedha kwa simu. Lakini hapa kwetu fedha ilitoka ardhini tangu mwanzo.

Kwa hiyo twawasihi: mwanachama aliyebanwa na karo ya mtoto au gharama za matanga asikimbilie kuuza shamba. Aje kwanza katika mfuko wa chama, nasi wenye nafasi tusichelewe kutoa michango yetu, ili akija asiukute mtupu.