Lenzi ya Mrusho Mfupi: Historia ya Chombo na Utata wa Jina Lake

Jina la chombo likikosewa, hata matumizi yake huweza kukosewa. Katika kitabu kimoja cha maelekezo kilicholetwa kwetu kusahihishwa, mfasiri aliita "lenzi fupi" ile lenzi ya projekta inayofungwa karibu na skrini. Fundi mmoja aliyekwisha kuitumia tafsiri hiyo alifungua sanduku, akakuta lenzi ndefu, akadhani ameletewa isiyo yake, akairudisha. Kosa halikuwa lake. Ili tulione lilipo, hapana budi turejee katika historia.

Mnamo 1659 Christiaan Huygens wa Uholanzi alichora michoro ya taa iliyotupa picha ukutani kwa msaada wa lenzi. Mwaka 1840 Joseph Petzval, profesa wa hisabati mjini Vienna, alikokotoa lenzi ya kupigia picha za sura iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zilizoitangulia. Baadaye muundo wake ukatumika sana katika projekta. Projekta za namna hiyo zilihitaji chumba kirefu, nayo mashine ilikaa nyuma ya watazamaji.

Ili picha iwe pana kutoka karibu, yafaa urefu wa fokasi upungue. Lakini ukipungua, lenzi ya kawaida hukisogelea mno kile inachokikuza, na nafasi baina yao hukosekana. Tatizo hili liliwakabili kwanza watengenezaji wa sinema za rangi, kwani kamera ya Technicolor ilikuwa na prizimu nyuma ya lenzi. Mwaka 1931 H. W. Lee wa Uingereza alilitatua kwa kuweka kundi la lenzi mbonyeo mbele na kundi la lenzi mbinuko nyuma. Mwaka 1950 Pierre Angénieux wa Ufaransa alitoa lenzi ya aina hiyo kwa kamera ndogo, akaiita Retrofocus. Projekta nyingi za leo nazo zina prizimu nyuma ya lenzi, na kanuni ni ileile. Ndiyo sababu lenzi yenye fokasi fupi huwa na mwili mrefu.

Basi kilicho kifupi si lenzi, bali mrusho, yaani umbali kutoka lenzi hadi skrini. Tunapendekeza "lenzi ya mrusho mfupi", na "uwiano wa mrusho" kwa umbali huo ukigawanywa kwa upana wa picha. Uwiano ukiwa 0.5, picha yenye upana wa mita 2 hutaka umbali wa mita 1, ukiwa 1.8, hutaka mita 3.6.

Istilahi hii humfaa fundi pia. Mrusho ukiwa mfupi, projekta ikiinama kidogo tu picha hupotoka sana. Kwa hiyo hupimwa kwa pimamaji kabla ya kukazwa skrubu. Lenzi hufungwa baada ya mashine kuzimwa na kupoa, wala kioo chake hakiguswi kwa vidole. Vumbi hupulizwa kwanza kwa kipulizo cha mkono, ndipo kitambaa laini kipite. Anayeanza na kitambaa hukikwaruza kioo kwa vumbi lilelile.

Mfasiri asiyejua chombo kinavyofanya kazi hutafsiri maneno tu. Gharama yake hulipwa na fundi.