Lis Hartel na Uwanja Uliotengwa kwa Maofisa

Elimu ya kumfundisha farasi atii ishara ndogo ndogo ni kongwe. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon, askari wa Athens, aliandika juu ya upandaji farasi akisisitiza kuwa mnyama anayelazimishwa hatembei kwa uzuri. Elimu hiyo ilistawi upya Italia katika karne ya 16. Mwaka 1550 Federico Grisone alichapisha kitabu chake Naples, na kufikia 1735 Vienna ilikuwa na ukumbi wa kifalme wa mafunzo hayo. Farasi hao walikuwa wa watawala, makabaila na wanajeshi.

Elimu hiyo, ambayo leo huitwa dresaji, ilipoingia katika Olimpiki, Stockholm 1912, urithi huo uliingia nao. Washindani walikuwa maofisa wa jeshi, na kanuni hiyo ililindwa kwa ukali. Mwaka 1948 Sweden ilishinda dhahabu ya timu mjini London, kisha ikanyang'anywa mwaka uliofuata kwa kuwa mpandaji wake mmoja, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa kamili. Mwanamke hakuwa na nafasi kabisa.

Lis Hartel alizaliwa Denmark mwaka 1921. Alikwisha kuwa bingwa wa taifa lake pale polio ilipompata mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mjamzito. Mtoto alizaliwa salama. Mama akaanza kujifunza upya kuinua mikono, kisha kutambaa, kisha kutembea kwa magongo. Kuanzia magotini kwenda chini, miguu haikupona.

Uzito wa jambo hili unaonekana tandikoni. Mpandaji wa dresaji hushika hatamu kwa wepesi, na maagizo mengi huyatoa kwa miguu: shavu la mguu likibana ubavu, farasi husonga mbele, likirudi nyuma kidogo, hugeuza kiuno chake. Hartel hakuwa na ishara hizo. Yeye na farasi wake jike, Jubilee, walijenga maelewano mengine, ya mgongo na uzito wa mwili: kuegemea kidogo, kukaza kiuno, kulegeza. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Hata hivyo, mwaka 1947 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Skandinavia.

Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, dresaji ilifunguliwa kwa wanawake na kwa wasio maofisa. Wanawake 4 walishindana, Hartel akiwa mmoja wao. Alipata alama 541.5, nusu alama tu mbele ya Mfaransa André Jousseaume, akatwaa fedha. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, mwanajeshi wa mfumo ule ule wa zamani, ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani. Naona heshima kubwa katika tendo hilo. Kiangazi hicho hicho, nyumbani kwao Denmark, polio iliikumba Copenhagen vibaya, na wanafunzi wa udaktari wakawa wakiwapulizia wagonjwa hewa kwa mikono, usiku na mchana.

Mwaka 1956 mashindano ya farasi ya Olimpiki yalifanyika Stockholm, kwani sheria za karantini za Australia ziliwazuia farasi kwenda Melbourne. Saint Cyr alipata 860, Hartel 850. Shaba ilikwenda kwa Mjerumani Liselott Linsenhoff, ambaye mwaka 1972 akawa mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu ya mtu binafsi katika dresaji. Tangu hapo hadi Paris 2024, mwanamume mmoja tu, Reiner Klimke, mwaka 1984, ameipata dhahabu hiyo.

Matunda mengine yalionekana nje ya uwanja. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa viungo wa Ulaya Kaskazini walianza kuwapandisha farasi wagonjwa wa polio na watoto wenye ulemavu, na Hartel mwenyewe aliipigania kazi hiyo. Mwaka 1996, Atlanta, upandaji farasi ulikuwamo katika Paralimpiki. Hartel alifariki mwaka 2009. Leo wapandaji wa Paralimpiki hupangwa katika madaraja 5 kulingana na ulemavu wao, na asiyeweza kutumia miguu anaweza kuruhusiwa kubeba fimbo 2, moja kila upande, zimguse farasi pale ambapo shavu la mguu lingembana.