Deni la William Pitt na Asili ya Bima ya Wabia

Haki ya mfanyabiashara kukata bima juu ya uhai wa mbia wake, au ya kampuni kufanya hivyo juu ya mtumishi ambaye kifo chake kingeiyumbisha, ina mizizi yake katika mashauri ya madeni yaliyosikilizwa na mahakama za Uingereza. Katika karne ya 18 bima ya maisha mjini London ilikuwa imegeuka kamari, kwa kuwa watu waliweka fedha juu ya uhai wa wakuu na wagonjwa wasiowahusu hata kidogo, wakisubiri wafe ili walipwe. Sheria ya mwaka 1774 ilipiga marufuku mtindo huo kwa kumtaka mkata bima awe na maslahi ya kibima, yaani awe mtu ambaye kifo cha yule aliyekatiwa bima kingemtia hasara ya mali, na ikaongeza kwamba hatalipwa zaidi ya thamani ya maslahi hayo. Mdai aliweza basi kujikinga na kifo cha mdeni wake, ila sheria haikufafanua kama maslahi hayo yapimwe siku ya kukata bima au siku ya kifo.

Utata huo ulijitokeza waziwazi kwa William Pitt, Waziri Mkuu aliyeongoza taifa kwa umahiri huku mambo ya nyumbani mwake yakienda mrama kwa madeni. Mwaka 1803 watengenezaji wa magari ya farasi waliokuwa wakimdai walikata bima ya pauni 500 juu ya uhai wake, kwa muda wa miaka 7. Pitt alifariki Januari 1806, Bunge likatoa pauni 40,000 kulipa madeni yake, na mafundi hao wakapata haki yao yote. Walipodai pia fedha za bima, Jaji Ellenborough aliamua mwaka 1807 kwamba bima ni fidia tu, na kwa kuwa hasara ilikwisha kuzibwa, hapakuwa na cha kufidia. Hoja hiyo inafaa kwa meli iliyozama au ghala lililoungua. Kwa bima ya maisha ilikuwa dhuluma, kwani ada ya kila mwaka ilikuwa imekadiriwa kwa kiasi kilichoahidiwa, na mafundi walikuwa wameilipa. Hata makampuni ya bima yenyewe hayakupenda kuutumia uamuzi huo, yakijua kuwa wateja wangeyakimbia.

Mwaka 1854 mahakama ya rufaa, katika shauri la bima iliyohusu uhai wa Duke wa Cambridge, iliutengua uamuzi wa Ellenborough na kushikilia kwamba bima ya maisha ni ahadi ya kulipa kiasi maalumu, na kwamba maslahi yakiwapo siku ya kukata bima yanatosha.

Uzito wa uamuzi huo kwa wabia ulionekana zaidi baada ya Sheria ya Ubia ya mwaka 1890, iliyosema kwamba kifo cha mbia mmoja huvunja ubia wote isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Warithi wa marehemu wangeweza kudai fungu lake mara moja, hata kama fedha zote zilikuwa zimefungwa kwenye bidhaa na mikopo. Wabia waliokatiana bima kwa thamani ya mafungu yao, wakiandikiana pia mkataba wa kuuziana, walipata fedha taslimu za kuwalipa warithi bila kuuza duka. Kanuni hizi za Kiingereza ziliingia Kenya na Tanganyika kupitia sheria za kikoloni zilizopokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 na 22 Julai 1920 mtawalia.